Debe Lililobaki Limejaa

Siku hiyo, kabla sijaolewa, nilikuwa dukani kwa baba yangu Kariakoo, napima mafuta ya taa. Akaingia dereva wa lori, Mpemba, jina lake Makame, uso kaukunja. Kuna mtu kamuuzia dizeli iliyotiwa mafuta ya taa, injini imemfia njiani Chalinze. Hakumshuku baba, alikuja kulia tu. Baba, Mzee Salimu bin Nasoro, akamwagizia kahawa, kisha akanigeukia.

"Rukia, umesikia? Mafuta ya taa ni ya taa. Ukiyatia kwenye lori, umeliua."

Mimi nilisoma Kurani chuoni kwa maalimu na shule darasa la pili, basi. Lakini hilo nililishika.

Nikaolewa na Hamdani, akanichukua mpaka Kagera, karibu na mpaka, tukafungua duka. Tuliishi na mama yake, Bi Nuru binti Shomari. Miguu yake ilikuwa mibovu, hatembei bila kushikwa, lakini mdomo wake mzima kabisa. Kila asubuhi ataniambia, "Mkwe wangu, chai yako nyepesi, naona mpaka Bukoba humu kikombeni."

Vita ilipoingia, Hamdani alikuwa Mwanza kufuata mali. Mimi nilikuwa nakata mche wa sabuni vipande. Tulisikia mizinga, kwanza mbali, halafu si mbali.

Likaja lori la jeshi kuokota watu. Aliyeliendesha ni Deogratias, mwana wa Magesa, mgambo. Kabla ya vita alikuwa anaendesha lori la pamba. Hili la jeshi alikabidhiwa juzi yake tu, baada ya dereva wake kuumia. Alimbeba Bi Nuru mgongoni kama gunia la mchele.

"Mwanangu, usinibane, mimi si pamba," Bi Nuru akamwambia.

"Pamba ni nyepesi, bibi."

Nami nikapakia debe moja la mafuta ya taa na ile sabuni. Akili ya duka hiyo: huachi mali. Ndani ya lori mlikuwa na Mwalimu Ishengoma, mkewe Koku na pacha wao, Mzee Bitegeko, Asimwe mshona nguo, na wengine. Jumla tulikuwa kumi na tisa.

Njiani kipande cha chuma cha kombora kikatoboa tangi.

Deo alishuka, akaniomba sabuni, akaikanda na kuziba tundu. Ilishika. Lakini dizeli ilikuwa imeshamwagika yote barabarani.

Akaona debe langu. Akaliteremsha, akafungua kifuniko cha tangi.

Nikamshika mkono.

"Kaka, utaua injini. Baba yangu anauza mafuta Kariakoo, mimi nayajua haya."

Akanitazama. "Una hakika, dada?"

"Nina hakika."

Akafunga.

Kambi ya askari wetu ilikuwa mbele, maili nane. Tukaamua kutembea, tukifika tuombe dizeli. Bi Nuru hawezi. Nikasema nibaki naye, akakataa.

"Nenda. Deo ataniuguza, tena hajui kupika chai, hatanipa mbovu."

Deo akasema hawezi kuacha lori alilokabidhiwa, wala kumwacha bibi. Tukaondoka.

Tulikuwa tumetembea kama nusu ya njia. Mizinga ikaanza upande tuliotoka.

Hatukugeuka.

Tulifika kambini, na jioni yake Koplo Mashaka, askari wa pale aliyepelekwa kumfuata Deo, akarudi kutoka kule. Akanipa tasbihi ya Bi Nuru. Alisema Deo walimkuta amemlalia bibi, amemfunika, na wote wawili wameshafariki. Akaniambia pia, kama jambo la kushangaza tu, kwamba kando ya gurudumu walikuta debe la mafuta ya taa limejaa, halikupata hata mkwaruzo.

Hamdani sikumwambia nilichosema pale barabarani. Hakuuliza. Ameshazikwa, Mungu amrehemu.

Sasa mimi naishi mtaa wa Gerezani, karibu na Kariakoo, nyuma ya magereji, nauza chapati. Mwezi uliopita fundi Mwarami aliagiza tano. Nikakuta lori la jeshi uwanjani kwake, boneti wazi. Mtu kalinunua mnadani, anataka la kubebea mchanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Linaumwa nini hili?"

"Haliumwi, nalipunguzia ulafi. Hii injini imetengenezwa kula kila kitu: dizeli, petroli, mafuta ya taa. Mwenyewe anataka dizeli tupu."

Nikaweka hotpoti chini. "Mafuta ya taa?"

"Kwa raha zake, bibi." Akanionyesha kidude pembeni ya pampu. "Hiki kinayapima mafuta, mazito au mepesi. Yakiwa mepesi, kinaiambia pampu imimine zaidi. Sasa kimechoka, kinakosea, lori linatoa moshi kama tanuri. Nakitoa, naziba hapa, pampu naifunga kwenye kipimo cha dizeli."

Nikamuuliza mengi mpaka chapati zikapoa. Malori yote ya jeshi yako hivi? Si yote, alisema, lakini ya zamani mengi tu. Hata lori la kawaida likitiwa mafuta ya taa halifi siku hiyo hiyo. Ukilizoesha ndiyo linakufa. Basi lori la Makame, yule dereva wa dukani kwa baba, lilikuwa limenyweshwa uchafu mwezi mzima, nikawaza, na baba hakuniambia hilo, pengine hakulijua.

"Tuseme tangi tupu," nikamwambia. "Debe moja la mafuta ya taa. Watu kumi na tisa. Maili nane."

Akafikiri, anafuta mikono. "Debe ni lita ishirini. Mngefika, na mengine yangebaki. Kwani nani alikataza?"

"Mimi."

Mwarami akaacha kufuta mikono. Halafu akasema, "Bibi, hukujua."

Kweli, sikujua kama lile lilikuwa la aina hii. Hata leo sijui, na wa kumuuliza hayupo. Kutojua sijilaumu, Deo naye hakujua. Ila yeye hakujua, akataka kujaribu. Alikuwa ameshafungua kifuniko.