Nilimwaga Bahari Kwenye Kibanja cha Mama

Kosa ni langu, ndugu msomaji. Nalitaja mapema kabla mdomo wangu haujapata njia ya kulikwepa, maana kwa maneno mimi naweza kumuuzia chura maji.

Nakaa Bugene kwa mama, na kazi yangu ni kutengeneza simu Kayanga mjini. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu zangu kamili, na tangu matokeo yatoke sijapumzika kuwa msomi. Kemia ndiyo usiseme! Ilinikolea hadi sukari kwenye chai nikawa naipima kwa macho ya maabara.

Basi nikaona kwenye simu video ya mtu aliyeweka bahari sebuleni. Siyo samaki wa bwawa, la! Bahari yenyewe: tangi la kioo, maji ya chumvi, matumbawe yaliyo hai, samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Nikajiuliza, Karagwe nzima na Kyerwa yote, nani ana bahari? Hakuna!

Nikaagiza vitu Dar. Samaki walisafiri kwenye mifuko iliyojazwa hewa, wakafika wamechoka kuliko padri baada ya Pasaka. Watu walikuja kutazama kutoka Kibingo na Kimuli. Bibi mmoja alivua viatu mlangoni kama anaingia kanisani. Mama alitazama mara moja, akauliza wanapikwaje. Nilipomwambia hawaliwi, akarudi jikoni.

Sasa, bahari ya nyumbani ina sharti lake: kila wiki utoe sehemu ya maji, uweke mapya yaliyokorogwa na chumvi maalumu. Ndoo mbili kila Jumamosi. Na kwetu mtoto hulijua hili kabla hajaota meno: maji yaliyotumika hayamwagwi njiani, hupelekwa kwenye migomba. Ya vyombo, migomba. Ya kunawa, migomba. Na mimi, bila hata chembe ya ile kemia yangu, nikawa nanyanyua ndoo na kumwaga kwenye migomba ya nyuma ya jiko, pale pale kilipozikwa kitovu changu.

Baada ya miezi michache majani yakaungua kingo kama karatasi iliyochungulia moto. Kisha shina zima likalegea. Na la jirani yake. Hiyo ndiyo migomba aliyokuwa akiitunza mama kwa ajili ya wageni wa mahari ya dada yangu!

Mama akaniuliza, wewe uliyesoma, hiki ni nini?

Hapo ndipo nilipotenda dhambi. Nilijua. Ningekosaje kujua, na ndoo niliibeba mwenyewe? Nikasema, "Mnyauko, mama. Ule ugonjwa unaosambazwa na panga."

Ole wangu! Kibanja chetu kilikuwa kinaingiwa na panga moja tu la nje, la Ta Katabazi, jirani yetu, mzee ambaye tangu baba afariki alikuwa anatukatia majani makavu na yale maua ya chini ya mkungu bila kuombwa. Ndiye pia aliyekuwa akae kwenye kiti cha baba siku ya mahari.

Mama hakugombana naye. Alimpelekea salamu tu kwamba asijisumbue tena na kibanja chetu. Kwenye sala za jumuiya wanawake wakanong'onezana kwamba panga la Ta Katabazi halipitishwi motoni kuua ugonjwa. Nyumba zilizokuwa zikimwita zikaacha. Kwenye kiti cha baba akapangwa mjomba wa Kimuli, ambaye hata jina la dada hulisahau.

Na mimi? Nililisha samaki.

Aliyeniumbua ni ng'ombe. Ng'ombe wa Ta Katabazi alianza kukata kamba kila asubuhi na kuja kulamba udongo nyuma ya jiko letu. Analamba kama ameajiriwa! Siku ya tatu mzee akaja kumchukua, akanikuta na ndoo mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Akainama, akachota udongo kwa kidole, akaonja. Akatazama ndoo. Akatazama dirisha la chumba changu, ambamo bahari ilikuwa inang'aa buluu.

"Mimi sikusoma," alisema. "Lakini ng'ombe hafuati mnyauko."

Nikaanza kumweleza habari za sodiamu. Akanikatisha.

"Mwambie mama yako wewe. Nikimwambia mimi, ataona najitetea."

Akaondoka na ng'ombe wake. Angenichapa bakora ningepona haraka zaidi!

Nilimeza neno lile siku mbili. Wageni walikuwa wamebakiza siku nne nilipomfuata mama jikoni, nikasema yote. Hakuacha kumenya ndizi.

"Kwa hiyo nimemfukuza mtu kwa ajili ya samaki wasioliwa," alisema.

Akajifunga kitenge, akanitwisha mkungu mkubwa kuliko yote iliyobaki kibanjani, akatangulia. Mlangoni kwa Ta Katabazi alikuta majirani, akafurahi. Akaniamuru nisimulie mbele yao, kuanzia ndoo ya kwanza. Jasho lililonitoka lingetosha tangi la pili! Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akaingia ndani akatoka na panga lake. Akasema twende akakate majani, wageni wasikute msitu.

Siku ya mahari alikaa kwenye kiti cha baba. Akawaambia wakwe, "Binti yetu anajua kazi zote. Kaka yake akija kuwatembelea mpeni chakula, mpeni kitanda. Ndoo msimpe."

Hadi leo msibani sipewi kubeba maji.

Samaki walikufa umeme ulipokatika siku mbili, nikalia kweli, peke yangu. Tangi sasa ni la maharage ya mama.

Ndugu zangu, fugeni bahari, fugeni hata nyangumi kama sebule inatosha. Lakini ukiharibu, wahi kusema kabla ng'ombe hajasema. Nyuma ya jiko letu hakujaota kitu. Mama ameamua kwamba hadi udongo ule urudie ladha ya udongo, kila asubuhi mimi ndiye nifungue uzio, nimkaribishe ng'ombe wa Ta Katabazi, nisimame pembeni hadi amalize kulamba.