Barafu kwenye kilio

Mimi si mwepesi wa kusifu watu, na wauguzi wa Lubumbashi wamenichoma sindano za kutosha kunifanya ninune. Lakini kuna mmoja, mama jirani yetu, ambaye hadi leo nikimkumbuka nakaa vizuri kwenye kiti.

Ulikuwa mwaka ambao kampuni ya migodi iliacha kutugawia posho ya unga, na askari walikuwa wamekwisha kuvunja maduka ya mjini. Muuguzi yule hakuwa amelipwa tangu mvua zilizopita. Friji ya kituo chake ilikuwa imekufa kwa kukosa umeme, basi chanjo ya surua aliibeba kwenye sanduku la barafu, na barafu aliiomba kwa muuza samaki kutoka Kivu aliyekuwa na jenereta.

Ilikuwa baridi ya Juni, mtaa mzima una mafua. Ndiyo maana hatukushtuka mtoto wa nyumba ya tatu alipoanza kukohoa na macho kuwa mekundu. Mafua, tukasema wote. Kumbe surua. Wiki haijaisha, tukawa kwenye kilio chake.

Asubuhi hiyo ilikuwa siku ya chanjo, na kituoni hakwenda mama hata mmoja. Kwetu jirani akiwa na kilio huendi kwingine. Watakusema mpaka wajukuu wako wasikie. Muuguzi akabeba sanduku lake, akaja kilioni. Barafu ile ilikuwa ya kufika adhuhuri tu.

Lakini hakulifungua. Aliliacha mlangoni, pale nilipokaa na mdogo wangu wa kike wa miezi kumi mgongoni, makamasi yakimtiririka. Akavua viatu, akaingia kukaa mkekani na wanawake, akalia. Alilia kweli, si kwa adabu tu. Mimi nilikuwa nayaangalia maji yakitoka chini ya sanduku hadi yakanifikia mguuni, nikamchukia kidogo. Si aseme! Sikujua bado kwamba mtu ambaye angetaja sindano kabla ya kulia na wenzake angefukuzwa.

Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo, kwamba ameleta chanjo. Wanawake wakaguna.

"Sindano ku kilio?"

Mama yangu, ambaye kinywa chake hakikuwahi kuchelewa, akadakia: "Mutoto wangu iko na mafua. Banamuchoma namna gani?"

Mama huyo huyo alitukaririshia kila siku kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Siku ile kichwa chake kilikuwa kikavu kabisa!

Mama wa marehemu hakuwa amesema neno tangu maziko. Akainua uso.

"Miye pia nilisemaka: iko mafua tu."

Akasimama, akaja mlangoni, akafungua kitenge mgongoni mwangu na kumchukua mdogo wangu.

"Mama munganga, barafu yako inaisha. Anzia kwa huyu."

Muuguzi akamgusa mtoto paji la uso, akamtazama macho na mdomo, akasikiliza kifua.

"Hana homa. Yake iko mafua ya kweli. Haikataze sindano."

Akamchoma. Wanaume waliokuwa wakiota moto uani wakatumwa majumbani kuleta watoto, nao, wazee wazima, wakakimbia. Muuguzi alichoma hadi chupa ya mwisho, kabla barafu haijaisha. Kisha akanawa mikono, akarudi mkekani kumalizia kilio chake. Sijaona bado mtu anayejua kazi yake namna ile.

Mdogo wangu alikuwa bado anapiga kelele. Mama akanyoosha mikono ampokee, lakini mama wa marehemu hakumrudisha. Alimkumbatia kifuani, akimpapasa mgongo na kumnong'oneza.

"Lia, mama. Lia tu."

Mama yangu akashusha mikono, akaenda kukaa karibu yake.