Gesi tuliyoipima ilikuwa sahihi, ndama wakafa

Wakuu, heshima kwenu. Ninachoandika nilikiona kwa macho yangu, na mpaka leo kinaniuma.

Miaka ya tisini, viwanda vya umma vinauzwa kimoja baada ya kingine, nilikuwa maabara ya kiwanda kimoja hapa Arusha. Tulitengeneza cool box za kubebea chanjo. Ukuta wake ni povu gumu lenye vitundu vilivyojaa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayozuia joto lisiingie.

Gesi ya zamani ikapigwa marufuku kwa kuharibu anga. Bosi mpya akataka mbadala wa bei nafuu, haraka.

Mpimaji wetu alikuwa Lemburis, Mwarusha wa magharibi ya Mlima Meru. Anaweka waya mwembamba ndani ya bomba lenye gesi, anaupitishia umeme. Waya ukipata moto sana, maana yake gesi haibebi joto. Hiyo ndiyo tuliyoitafuta.

(Jamaa alikuwa na gubu. Ukifungua dirisha akiwa anapima, hamsemeshani mpaka kesho.)

Tukapima carbon dioxide. Haikufikia ile ya zamani, ila iliishinda hewa ya kawaida vizuri tu.

Lemburis akaomba povu likae mwaka mzima lipimwe tena, maana gesi hiyo inaweza kutoroka kidogo kidogo. Bosi akasema biashara sasa ni huria, tukisubiri wenzetu watajaa sokoni. Tukaanza kuuza.

Cool box ya kwanza Lemburis aliipeleka kwao, akamkabidhi bwana mifugo mbele ya mama yake. Alirudi anacheka peke yake.

Msimu wa kwanza mambo safi. Wa pili, barafu ndani ya ile cool box ikayeyuka njiani, chanjo ikaharibika bila mtu kujua. Ndama wakachanjwa hiyo hiyo. Ugonjwa ulipokuja wakafa, wakiwemo ndama wote wa mama yake Lemburis.

Tukakata ukuta wa ile cool box, tukapima gesi ya ndani. Karibu yote ilikuwa hewa. Vipimo vyetu havikuwa na kosa, gesi yenyewe ndiyo ilishaondoka.

Nilimsindikiza kwenda kumweleza mama. Alieleza yote kwa Kimaasai, ambacho mimi sikijui; baadaye aliniambia alitaja hata ule mwaka alionyimwa. Mama akauliza kitu kimoja. Lemburis akainamisha kichwa.

Njiani nikamuuliza mama alisemaje.

"Kasema, kama ulijua inahitaji mwaka, mbona ulituletea sisi kwanza?"

Aliacha kazi mwezi huo huo. Kwao akawa anaenda kwa nadra, na mama hakuuliza tena.

Nilichojifunza: kipimo cha leo hakikuambii kitu kitakuwaje mwakani. Ukinyimwa muda wa kuhakikisha, usimpelekee mtu wako.

Mliofanya kazi viwandani enzi zile, tuambieni yenu. Mimi nimeandika kwa sababu wiki iliyopita tumemzika Lemburis, pembeni ya mama yake, na sidhani kama aliwahi kumjibu.