Mama Aliyeona Karatasi

Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu miezi michache tu nilipopangiwa darasa la kisomo cha watu wazima katika kijiji kimoja kipya cha ujamaa jirani na Kalenga. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Niliamini, kwa unyofu ambao sasa unanichoma, kwamba kila kitu nilichokishika kingeweza kugeuzwa kuwa somo.

Ndivyo nilivyoazima darubini ya picha kwa mzee mmoja mfanyabiashara wa Iringa mjini, aliyeiweka dukani kwake juu ya rafu ya vitambaa. Ilikuwa ya mbao ya kahawia iliyong'aa kwa kushikwashikwa, yenye mpini chini, lenzi mbili za kutazamia, na kishikio cha kadi mbele yake. Kila kadi ilikuwa na picha mbili za kitu kimoja, zilizopishana kidogo sana. Ukitazama kwa utulivu, zile mbili zinaungana, na daraja lililokuwa limelala kwenye karatasi linasimama, mto ukipita chini yake, mbali kabisa.

Somo nililitunga nikiwa narudi kijijini: picha mbili ni sisi wanakijiji, tukiungana, maisha yetu yanasimama. Nililipenda kupita kiasi.

Alasiri ile wanafunzi wangu, wengi wao akina mama waliotoka shambani moja kwa moja, walipokezana ile darubini.

"Umeona, mama?"

"Nimeona, mwalimu."

Mmoja aliishika juu chini, kadi ikadondoka, naye akasema ameona. Watu wakacheka. Nami nikampongeza.

Ikafika zamu ya mama mmoja aliyekaa siku zote karibu na dirisha. Binti yake aliolewa Mbeya, kule Iyunga. Mama huyu alijiandikisha kwa sababu moja tu: barua za binti yake alisomewa na majirani, na mambo ya ndani ya ndoa ile yalifika kisimani kabla yeye hajatulia kuyaelewa. Alikuwa ameshaanza kusoma maneno mafupi.

Alitazama kwa muda mrefu kuliko wote.

"Naona daraja, mwalimu. Liko kwenye karatasi."

"Tazama tena. Halijasimama?"

"Limelala."

"Wenzako wote wameona."

"Hao ni wao. Mimi nakuambia ninachokiona."

Darasa likaguna. Nilihisi somo langu likiniponyoka, nikasema kwa sauti ya jukwaani: "Asiyeuona umoja, ndugu zangu, ni yule ambaye moyo wake haujahamia kijijini."

Kila mtu alijua kwamba familia ya mama yule ndiyo iliyohamia mwisho. "Mama Karatasi!" akapaza sauti mmoja wa nyuma, na kicheko kikajaa chumbani. Yule mama hakuja tena wiki ile, wala iliyofuata.

Niliporudisha darubini, mzee aliniuliza kama watu waliifurahia. Nikamsimulia habari za yule mbishi. Akanitazama kwa huruma.

"Ulimuuliza macho yake, kijana wangu? Hiyo inataka macho mawili mazima. Mimi mwenyewe, tangu nipate mtoto wa jicho upande huu, naona karatasi tu."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa yule mama, nikamkuta akipukuchua mahindi. Jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu mweupe. Ni surua ya utotoni, alisema. Nilikuwa nimemfundisha miezi mitano bila kumtazama usoni. Nikamwomba radhi.

"Nimekusamehe, baba. Lakini hukunisema hapa uani. Kaseme kulekule."

"Nitasema Alhamisi, mama."

Alhamisi alikuja na daftari lake. Mratibu wa elimu naye alikuwapo, ameketi nyuma, na kuthibitishwa kwangu kazini kulikuwa mikononi mwake. Nilisimama. Nikausikia mdomo wangu ukisema kwamba ile darubini ilikuwa na kasoro, ndiyo maana baadhi yetu hatukuona vizuri.

"Kwa hiyo ni darubini, mwalimu?" aliuliza yule mama taratibu. "Na lile la moyo wangu?"

Niligeukia ubao, nikaandika tarehe. Nyuma yangu benchi likasogea, kisha nikasikia hatua zake nje, kwenye changarawe.

Mwisho wa mwezi nilijaza daftari la mahudhurio. Mbele ya jina lake palikuwa na nafasi ya kueleza sababu. Niliandika, kwa mwandiko mzuri niliofundishwa chuoni: Ameacha kwa hiari yake.