Mama Aliyenyooshwa Mguu

Kaka yangu alikuwa mchoraji wa katuni, kazi ambayo Kilwa Kivinje hakuna aliyeihesabu kuwa kazi. Soko huria lilipoingia na magazeti ya watu binafsi yakaanza kumwagika kutoka Dar es Salaam, alipata gazeti lililokubali hadithi yake ya picha, ukurasa mmoja kila toleo. Alichora kwa wino mweusi juu ya manila, akaviringisha karatasi ndani ya kipande cha bomba la plastiki na kumkabidhi kondakta wa basi. Masika yakifunga barabara ya Rufiji, hadithi nayo ilikwama, na wasomaji wa Dar wakadhani mchoraji ni mvivu.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mama anayemtafuta mwanawe aliyepotea, mji hadi mji, sinia la mkate wa kumimina kichwani. Sura ilikuwa ya mama yetu, pengo la jino likiwemo. Mama kweli aliuza mkate wa kumimina, akiuzungusha mitaani asubuhi nzima. Kitu kimoja tu kaka hakukichora. Mama alikuwa na mguu mmoja mfupi tangu utotoni, na watoto wa mtaani walikuwa wakimfuata nyuma wakichechemea kama yeye. Kwenye hadithi alisimama wima kama mlingoti. Toleo la kwanza lilipofika, mama, ambaye hakujua kusoma, alipitisha kidole juu ya picha mpaka kwenye nyayo, akacheka kidogo.

"Umeninyoosha mguu, mwanangu."

"Nimekunyoosha," kaka alisema. "Na humu hakuna atakayekucheka."

Kwenye karatasi ahadi ya namna hiyo ni rahisi kuitimiza. Mtu aliyechorwa hatembei. Unamwona kwenye kisanduku hiki, halafu unamwona kwenye kile, na hapo katikati unamtembeza mwenyewe upendavyo.

Mama alifariki kabla hadithi haijaisha. Kwenye matanga alikuja mtani wetu, mwanamke wa Kimakonde aliyeolewa kule Mtama, Mkristo, mwenye mdomo usiojua kupumzika na ruhusa ya utani ya kumwigiza hata marehemu. Aliingia uani amevaa kanga ya marehemu, sinia kichwani, akichechemea mguu uleule, akaita kama mama alivyokuwa akiita: "Mkate moto, anayelala alale!" Wanawake waliokuwa wakilia wakaanza kucheka. Mimi nilifumba macho ili nisikie sauti tu. Kaka alitoka nje, akakaa nyuma ya jiko mpaka mtani alipomaliza vituko vyake.

Baada ya hapo hakuchora tena ile hadithi. Gazeti lilimtaka amalizie, naye hakujibu. Aliyemwamsha alikuwa fundi wa video kutoka Lindi, aliyekuwa akipiga picha za harusi mpaka huku kwetu. Alikuwa amehifadhi kurasa zote za hadithi, akasema ile ni filamu tayari, imebaki kuwekewa watu tu. Kaka alikubali palepale. Nyumbani tulikuwa na picha moja ya mama, ndogo, ile ya kitambulisho, ambamo anaonekana kama mtu aliyekamatwa. Kaka alitaka kumwona mama akitembea. Na alitaka atembee wima, kama alivyomwahidi.

Kumpata wa kumwigiza kulitutoa jasho. Wa kwanza mumewe alikataa. Mwingine alisema hawezi kuvaa sura ya marehemu, na sikumlaumu. Mimi nimefanana na baba, jambo ambalo sijawahi kulisamehe. Mwishowe tukamwendea mtani kule Mtama. Tulimwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba huku akimkagua fundi, akamwambia ana miguu ya kuku, kisha akakubali.

Kaka alibandika kurasa zake ukutani na kuzifuata kisanduku kwa kisanduku. Kama picha ilichorwa kutoka juu, fundi alipanda pipa na kamera yake begani. Kama ilichorwa kutoka chini, alilala vumbini, akilalamika kwamba harusini hawamlazi chini. Mtani alifanya sura ya mama, mkono wa mama, hata ile tabia yake ya kuvuta pumzi kabla ya kusema jambo. Alipoita "Mkate moto," baba, aliyekuwa amekaa kibarazani, aliinuka nusu kitini, kisha akakaa tena bila kumtazama mtu.

Kilichobaki ni mwisho, ambao kwenye gazeti haukuwahi kutoka. Kaka aliuchora upya kwa ajili ya filamu: mama anamwona mwanawe ameketi kwenye ngazi za jengo la Wajerumani, anakwenda kumchukua. Tulimkalisha mtoto wa jirani pale, mtani akashika njia kuelekea ngazi zile, anachechemea.

"Simamisha," kaka alisema. "Mtani, tembea wima. Kwenye picha hachechemei."

"Mie sikumjulia kwenye picha. Nilimjulia barabarani."

"Nilimwahidi."

"Ulimwahidi wewe. Mie nikimtembeza wima, atakayefika pale ni mwanamke mwingine. Unataka mtoto achukuliwe na mtu asiyemjua?"

Alisema bila utani, na hilo ndilo lililotutisha. Kaka alikwenda kwenye karatasi yake, aliyoibandika ukutani mwa jengo, akasimama ametugeuzia mgongo. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. "Rudia," alimwambia. "Tembea ulivyomjua."

Mtani akatembea. Kaka alisimama pale ngazini bega kwa bega na kamera, na nilimwona midomo inacheza, lakini nilikuwa mbali, sikusikia alichosema. Nilimhurumia sana siku ile. Ahadi aliyoitimiza kwenye karatasi ilimvunjikia barabarani, mbele ya watu.

Fundi alirudi Lindi kuunganisha picha, na umeme wa Lindi wakati ule ulikuwa unakuja ukijisikia. Wakati tunangoja, kaka akaanza kuugua, ule ugonjwa ambao watu walikuwa wakiutaja kwa kuinamisha sauti. Kila basi lilipoingia alituma mtu akaulize kama kuna mkanda. Hakuna. Alikonda mpaka kalamu ikawa nzito mkononi, na kabla masika hayajaisha tukamzika karibu na mama.

Mtani alikuja. Amevaa shati la kaka, ametengeneza kisanduku kwa vidole vyake, akatuchungulia mmoja mmoja. "Wewe, sogea. Wewe umetoka nje ya picha. Mtani, tembea wima!" Uani pote watu wakacheka, nami nikacheka mpaka wakanishika nisianguke, kilio kikaja humohumo ndani ya kicheko.

Mkanda ulifika baadaye, fundi akiuleta mwenyewe. Jirani yetu Mhindi wa duka la vitambaa alituazima sebule yake, yenye televisheni na deki, akatuwekea viti na chai. Tulikuwa mimi, baba na mtani. Fundi hakukaa. Karibu na mwisho alisema, "Mnisamehe, hapa sauti ya marehemu imeingia. Nilitaka niifunike kwa muziki, nikashindwa."

Mtani alikuwa anakuja kwenye kioo, sinia kichwani, mguu ukivuta. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumwona mama. Nikasikia kaka. Hakuonekana. Mtu aliyechora mji mzima hakuwahi kujichora, na hata humo hakuwamo, ila sauti ilikuwa hapohapo masikioni mwetu, ya chini, kama ya mtoto anayengoja mlangoni.

"Njoo, mama. Njoo. Mbona hufiki?"

Baba, ambaye tangu mazishi alikuwa hasemi zaidi ya salamu, aliinamia televisheni, mikono juu ya magoti.

"Anakuja, mwanangu," alisema. "Si unajua mguu wake."