Sikio na Amplifaya Mbili

Jina alilopewa na wazazi wake limekwisha kusahaulika. Mtaa mzima unamwita Sikio, na asiyemwita hivyo basi hamjui. Kaka yake anaunda amplifaya za gita kwa mkono, chache kwa mwaka, zile za valvu za kioo zinazowaka rangi ya chungwa na kulifanya gita lingurume mpaka meza itetemeke. Yeye kazi yake ni kuzisikiliza. Haitoki hata moja karakanani mpaka Sikio aseme imekaa sawa, na wapiga gita wanamwamini kuliko wanavyowaamini wake zao.

Wasichojua ni kwamba tangu birika lake, lile linalopiga filimbi maji yakichemka, liungue nyumbani kwake, mwanamke huyu hana usingizi. Alikuwa palepale jikoni, anamenya viazi, macho kodo, wala filimbi hakuisikia. Mume wake akaja mbio kutoka uani akiuliza kulikoni. Yeye akamdanganya kwamba alisinzia. Kusinzia gani huko, jamani, mtu kasimama na kisu mkononi?

Sauti nene anazisikia vizuri. Nyembamba ndizo zilizomtoroka, na amplifaya mbovu hulalamika kwa sauti nyembamba. Siku kaka akijua, karakana itafungwa, na kaka hajui kazi nyingine chini ya jua. Hofu hiyo Sikio alilala nayo, akaamka nayo.

Ila ujanja alikuwa nao. Desturi ya karakana ni kwamba msikilizaji huzipa amplifaya mgongo, asije akahongwa na uzuri wa sanduku. Mbele ya kiti chake kuna dirisha, na katika kioo chake uso wa kaka unaonekana, mdogo lakini wazi. Kaka akikunja uso, Sikio anatikisa kichwa. Kaka akitabasamu, Sikio anamwaga sifa. Kazi ikawa inakwenda hivyo, naye roho mkononi.

Asubuhi moja akaja mpiga gita kuchagua kati ya mbili: moja ya muundo wa zamani, na nyingine mpya ambayo kaka aliiongezea valvu ili mngurumo uwe mzito zaidi. Alikuwa ameihangaikia mwaka mzima. Sikio akakaa, akazipa mgongo. Ya kwanza ikapigwa. Nzuri, hata kifua chake kiliikubali. Ikaja ile mpya. Mngurumo ukamjia umeshiba, mtamu, kisha mpiga gita akazibana nyuzi kwa kiganja na Sikio akasikia kimya. Hapo ndipo alipopaogopa, maana ubovu hujitokeza hapo. Akakikodolea kioo. Mpiga gita hakuonekana, alisimama pembeni, lakini kaka alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepata mtoto.

"Hii ya pili," Sikio akasema bila kusita. "Imetulia kabisa."

Akageuka. Mpiga gita alikuwa ameziba masikio kwa mikono yote miwili, gita likining'inia, uso umekunjamana kama anang'olewa jino.

"Zimeni, jamani," alisema. "Inapiga mluzi unaotoboa kichwa. Ninyi hamsikii?"

Tabasamu la kaka lilikuwa bado halijamtoka. Likaondoka polepole, akaenda kuzima swichi. Sikio alingoja agombezwe. Angalau angepata pa kuombea msamaha. Lakini kaka alikuwa amepauka, anamtazama kwa hofu ileile anayoiona yeye kila asubuhi kwenye kioo cha bafuni.

"Mdogo wangu," kaka akasema, "mimi sauti hizo nyembamba sizisikii tangu mwaka juzi. Nilikuwa nakutegemea wewe."

Sikio akaitazama rafu ndefu iliyo tupu, ambako zilikaa amplifaya zote walizokwisha kuziuza tangu birika lile liungue.