Kona ya Mama Mwavita

Gari la baba lilikuwa halijui kusimama. Baba akizima injini mbele ya nyumba yetu pale Kasongo, pikapu iliendelea kutikisa kichwa, kriii, kriii, kama mzee anayeitikia dua, na harufu ya mawese na karanga ikamwagika uani kabla abiria hawajashuka. Amotisere zake, vile vyuma vya chini vinavyozuia gari lisirukeruke, zilikuwa zimevuja mafuta yote zamani. Ya nyuma kushoto ndiyo iliyokuwa marehemu kabisa, na dawa yake ilikuwa Mama Mwavita.

Mama Mwavita alikuwa mchuuzi wa karanga, mwanamke aliyejaaliwa mwili na wala hakuuonea haya. Kila safari ya Kabambare baba alimkalisha kwenye kona ile, juu ya gurudumu, na kona ikatulia. Hakuna mwingine aliyethubutu kukaa pale. Mimi, shule zikifungwa, nilijibana ubavuni pake. Mashimo yote ya njia ile aliyajua, na mengine aliyapa majina ya waume wa rafiki zake. Tukikaribia moja, aligonga ubavu wa gari kwa kiganja, na baba akapunguza mwendo kama mtoto aliyekemewa.

Kisha mjomba akaleta amotisere mpya kutoka Bukavu. Fundi alilala chini ya gari asubuhi nzima, akizibembeleza nati zenye kutu kwa mafuta, nyundo na matusi. Alipoitoa ile ya kushoto aliisukuma kwa kidole, ikaingia bila ubishi. Ile mpya ilibonyea kwa shida na kurudi yenyewe polepole, na sisi watoto tukagombea kuibonyeza. Majirani walikuja kushuhudia gari linalosimama likisimamishwa. Baba alitembea siku nzima kama bwana harusi.

Safari iliyofuata alipanga magunia ya mchele kwenye kona ya Mama Mwavita, akamwambia kwa wema wote kwamba sasa yuko huru kukaa popote. Mama Mwavita aliyatazama magunia yale.

“Baba ya Salima,” alisema taratibu, akimwita kwa jina langu, “zamani nilikuwa mutu ya kazi. Leo niko muzigo?”

Baba akacheka, na hapo ndipo alipoharibu. Mama Mwavita alichukua kapu lake, akamwendea kijana wa pikipiki. Kijana alimtazama, akaitazama tairi yake ya nyuma, akawasha. Waliondoka. Mimi nililia, maana nilimpenda, na safari bila yeye ilikuwa magunia tu.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na amotisere mpya. Bila mtu wa kugonga ubavu wa gari, baba alikimbia. Mvua hazijakwisha, karibu na Wamaza, tukatumbukia kwenye shimo ambalo Mama Mwavita angelitaja kwa jina, na amotisere ya kushoto ikapinda. Tuliporudi Kasongo baba alishusha magunia, akaiosha kona ile, akatandika mkeka wa mama yangu bila kumwomba ruhusa, akaliendesha gari hadi mlangoni kwa Mama Mwavita. Hakuweza kutamka samahani. Alizima injini tu, gari likatikisa kichwa, na Mama Mwavita akalisubiri limalize.

“Chuma yako imechoka,” alisema. “Mimi sijachoka.” Akapanda.

Siku hizi pikapu ile haipo, na Mama Mwavita ametangulia mbele ya haki. Kwenda Kabambare napanda pikipiki kama watu wote. Nami pia, Mungu ashukuriwe, nimejaaliwa mwili. Juzi kijana wa pikipiki alinitazama, akaitazama tairi yake ya nyuma, akawasha. Nilicheka peke yangu mgongoni kwake, na tulipofika karibu na Wamaza nikajikuta nalia kidogo. Zamani palikuwa na gari ambalo ndani yake mwili huu ungekuwa na kazi yake, na kona yake, na mkeka.